Moshi kwa baiskeli: kushuka bure, kupanda unalipia

Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu baiskeli si mazoezi wala utalii, ni miguu ya pili. Mtu anampeleka mtoto shule, anabeba madumu ya maji, anabeba tenga la samaki, na jioni anakwenda nayo Raskazoni kupunga upepo wa bahari. Kwa hiyo nilipohamishiwa Moshi kikazi, niliipakia baiskeli yangu kwenye basi, Phoenix nyeusi yenye karia ya chuma na isiyo na gea hata moja, nikaona nimekamilika. Wiki ya kwanza nikamuuliza mama wa nyumba ya pili, jioni watu wa hapa wanakwenda wapi kupunga upepo. Akacheka. "Baba, upepo wa huku unashuka wenyewe kutoka mlimani. Wewe kaa tu kibarazani."

Nilikaa wiki mbili, nikachoka, nikatoka na baiskeli.

Jambo la kwanza kulielewa kabla hujakanyaga pedeli ni kwamba mji huu umeinama kama bati la nyumba. Kaskazini juu kuna Kibosho, Uru na mlima wenyewe wenye mita 5,895. Kusini chini kuna mashamba ya mpunga na miwa. Katikati ndipo palipo mji. Ukiuliza njia huambiwi kulia au kushoto, unaambiwa "panda" au "shuka". Ukiwa ndani ya daladala hulioni hilo. Ukiwa juu ya baiskeli isiyo na gea, magoti yanakuambia kila hatua.

Wengi wanaoanza hutaka kwenda juu kwanza, ili wamalize kwa kushuka. Kwenye karatasi inaleta maana. Mimi nilifanya hivyo Jumamosi moja: nikasukuma na kupanda, nikasukuma na kupanda, hadi kwenye vihamba vya Kibosho, yale mashamba ya nyumbani ya Wachagga, migomba na kahawa pande zote, maji ya mifongo, mifereji yao ya asili, yakipita kando ya njia. Pazuri mno. Kisha nikageuza. Baiskeli niliyoileta ilikuwa imezoea mji wa tambarare, na mipira ya breki ilikuwa imebaki kama ganda la korosho. Kona ya pili nikasikia chuma kinasaga chuma. Kona ya tatu sikusikia kitu, maana breki hazikuwepo tena. Nikachagua ua wa majani badala ya ukuta wa tofali, nikajitumbukiza humo baiskeli na mwenyewe.

Bibi mwenye ua akatoka. Nikampa shikamoo nikiwa bado chini. Akanitazama, akatazama majani niliyoyakumbatia, akasema, "Marahaba mwanangu, pole. Umeshika isale, basi tushakusamehe." Sikuelewa mpaka nilipoelezwa baadaye. Isale ndiyo Wachagga wanayopandia mipaka ya vihamba, na ndiyo mtu huibeba anapokwenda kuomba radhi. Nilikuwa nimeomba radhi kwa kifua.

Basi kabla ya kupanda popote, nenda kwa fundi baiskeli, mwambie akubadilishie mipira ya breki mbele na nyuma, na umwone akiikaza. Usikubali "hizi bado bado". Na safari ya kwanza usiende juu. Nenda chini, ufuate maji.

Hapo ndipo mtu wa pwani alipopata nafuu yake. Moshi haina ufukwe, ila maji yanaipita kila upande: Karanga upande wa magharibi, Rau upande wa mashariki, na Njoro na chemchemi zake. Yote yanaelekea kusini, na njia nzuri za baiskeli zinaelekea huko huko.

Toka saa kumi na mbili asubuhi. Sikutishi na jua tu. Saa hiyo mlima uko wazi, na mara nyingi ikifika saa tatu umeshajifunika wingu. Mimi naanzia Shanty Town, mtaa ambao jina lake kwa Kiingereza ni mtaa wa vibanda vya hovyo, ilhali ndiko kwenye mageti marefu na mbwa wakali. Mijakaranda imepangana kando ya barabara, na maua yake ya zambarau yakishadondoka yanateleza kama ganda la ndizi, hivyo taratibu kwenye kona. Barabara kuu ya Arusha na Himo ivuke, usiifuate. Mabasi ya mikoani hayakuoni, na bega la barabara lina mchanga. Mjini kati pita haraka: Mnara wa Saa, jengo la KNCU, ule ushirika wa wakulima wa kahawa ulioanzishwa mwaka 1933, kisha shuka stesheni.

Stesheni mimi husimama, kwa sababu zangu. Reli hii ilitoka Tanga, ikafika hapa mwaka 1911. Nikiyatazama yale mataluma najua ncha yake nyingine iko kwetu.

Ukivuka reli mji unabadilika sura. Majengo na Pasua ni mitaa ya watu wengi na vichochoro vingi, muziki, mama lishe wanaoinua mifuniko ya masufuria. Hapa kengele ni bora kuliko breki. Kunywa mtori, bakuli moja tu, maana njia bado ndefu. Kutoka hapo una njia mbili. Ya kwanza ni Msitu wa Rau, kusini-mashariki ya mji, msitu wa maji ya ardhini wenye giza la ubaridi, mbega juu ya miti na mivule ambayo watu watatu hawaizungushi mikono. Ni hifadhi, kwa hiyo ulizia kiingilio na uchukue mtu wa kukuongoza, hasa mara ya kwanza. Vijia vinafanana.

Ya pili, na ndiyo yangu, ni barabara ya TPC, kile kiwanda cha sukari, hadi Mabogini.

Mabogini unatokea kwenye uwazi ghafla. Mpunga, mpunga, mpunga, na mlima mgongoni kwako. Skimu hii ya umwagiliaji ilijengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani, ikitumia maji ya Rau na Njoro, na mifereji yake ya zege inakwenda mbali na milango ya chuma ya kugawia maji. Kando ya mfereji mkuu kuna njia ya udongo ulioshindiliwa, bapa kabisa. Baada ya wiki nyingi za mteremko, nilipopanda njia ile mara ya kwanza miguu yangu ilijikuta Tanga. Yangeyange wanatembea nyuma ya wakulima, na mpunga ukianza kukomaa watoto wako shambani kutwa wakiamia ndege, wanapiga makopo na kurusha udongo kwa kombeo.

Adabu zake ni hizi. Njia ya mfereji mkuu ni ya kupita, matuta ya jaruba si ya kupita. Tuta likibomoka kwa gurudumu lako, maji ya zamu ya mtu yanamwagikia kwa jirani, na maji ya zamu watu wameyasubiri usiku kucha. Nimewahi kufokewa kwa hilo, na nilistahili. Pili, piga kengele kabla ya kila kona ya mfereji, kwa sababu watu wanaoga. Na kamera iache mfukoni mpaka umesalimia.

Halafu kuna mbigili. Vimiba hivi havionekani, lakini havikosei. Pancha yangu ya kwanza huko niliipata mbali na duka lolote, nikasukuma mpaka kwa fundi mmoja aliyekaa chini ya mwarobaini na boksi la vifaa. Alilitoa tairi kwa vipini viwili vya vijiko, akaijaza tyubu upepo, akashuka nayo mferejini. Akaizamisha kipande kwa kipande, akiizungusha polepole kama mtu anayeosha utumbo wa mbuzi. Mapovu yakatoka sehemu mbili. Akaweka alama kwa njiti ya kiberiti, akafuta, akapiga msasa, akapaka gundi, akaipulizia. "Usiwe na haraka," akaniambia, "gundi ikiwa mbichi kiraka kinakudanganya." Kabla ya kurudisha tyubu akapitisha kidole ndani ya tairi, taratibu, mzunguko mzima, akatoa mwiba wa tatu ambao haukuwa umetoboa bado. Hicho kidole ndicho mafundi wengi wa mjini hawakipitishi. Siku hizi natembea na pampu, viraka, gundi na kipande cha msasa, na kidole ninacho.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, huku usije. Udongo mweusi unanasa kati ya gurudumu na madigadi mpaka baiskeli inagoma kuzunguka, unabaki unachokoa kwa kijiti kila hatua kumi.

Geuza saa nne kamili, hata kama bado una hamu. Mimi siku ya kwanza nilibaki mpaka saa saba kwenye daraja la mfereji, nikiwaza kwamba maji yale yanakwenda bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha mto wa Pangani, kisha baharini, mwendo mfupi tu kusini ya kwetu. Mawazo mazuri, ila mteremko uliokushusha bila jasho asubuhi unakusubiri wote, sasa na jua juu yake. Weka lita mbili za maji na usizinywe zote ukiwa chini. Kutoka Pasua mpaka stesheni mimi hushuka kwenye baiskeli nikasukuma, na nimeacha kuona haya, maana hata wenye baiskeli za gea nawakuta wamesimama wanajifanya wanatazama simu. Ukishindwa kabisa kuna maguta yanayorudi tupu mjini baada ya kushusha mizigo. Patana bei kabla hujapandisha baiskeli, si baada. Na kama umenunua mchele Mabogini, ufunge kwenye karia, usiuninginize kwenye usukani. Kilo tano upande mmoja na kilima mbele, utajikuta tena kwenye isale.