Kosa hujulikana lenyewe, au sheria ndiyo hulifanya kosa?

SWALI: Binti yangu wa kidato cha tatu kaniuliza: kama jambo ni baya, kuna haja gani ya kuliandika kwenye sheria? Nimekosa jibu. Uhalifu unajulikana wenyewe kwa kila mwenye akili, au jamii ndiyo huamua? Na anayeokota simu kwenye daladala akakaa nayo, ni mwizi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Tuanze na simu, maana ndani yake mna nusu ya jibu. Kwa Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 258 (Kenya ni cha 268), kuchukua cha mtu peke yake si wizi. Lazima uwe umechukua kwa hila, na bila kuamini kwa dhati kwamba una haki nacho. Kilichopotea nacho kina sharti lake: si wizi ikiwa humjui mwenyewe na una sababu za maana za kuamini kwamba hapatikani. Hapo ndipo waokotaji wengi wanapoponzeka. Simu inaita, kioo kinaonyesha “Mama”, wewe unaizima na kuchomoa laini. Utamwambiaje hakimu kwamba mwenyewe hakupatikana? Iache hewani, ichaji, ipokee ikiita. Kukiwa kimya, ipeleke kituo cha polisi, hakikisha imeandikwa kitabuni, uondoke na namba ya kumbukumbu.

Basi hata wizi, ambao mtoto wa chekechea anaujua, mipaka yake imechorwa na watu. Makosa mengine yamezaliwa na tarehe kabisa. Tanzania Bara, kumfungashia mteja mchicha kwenye mfuko wa plastiki tarehe 31 Mei 2019 kulikuwa biashara ya kawaida. Kesho yake, 1 Juni, ni kosa. Ndiyo maana Ibara ya 13(6)(c) ya Katiba inakataza kumwadhibu mtu kwa tendo ambalo alipolitenda halikuwa kosa kisheria. Wakili makini huanzia hapo: siku ile sheria ilisemaje? Lakini asikudanganye mtu kwamba kutoijua sheria ni utetezi. Si utetezi.

Wengi wakifika hapa husema, basi ubaya wowote ni makubaliano tu. Sisi hatukubali, na sababu yetu ipo Zanzibar. Kabla ya Juni 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Uingereza wa kufunga masoko ya watumwa, aliyemuuza binadamu pale Mkunazini alikuwa mfanyabiashara halali. Mkosaji alikuwa mtoro, yule aliyemkimbia bwana wake. Amri ya kuufuta utumwa kisheria Unguja na Pemba ilitoka Aprili 1897, na hata hiyo haikumwacha huru kila mtu asubuhi iliyofuata: mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba, na fidia akalipwa bwana. Masuria, yaani watumwa wa kike waliowekwa kinyumba na mabwana zao, hawakupewa haki hiyo. Walingoja hadi 1909.

Sasa jiulize, nani aliyeandika kwamba mtoro ni mkosaji? Aliyekuwa na kalamu, na mali ya kulinda. Watoro hawakuhitaji amri ya 1897 kujua kwamba wanadhulumiwa. Walikuwa wameshapiga kura kwa miguu yao, wakajenga vijiji vyao kama Fuladoyo, nyuma ya pwani ya Kenya. Kwa hiyo jamii huamua kipi kiitwe uhalifu na kiadhibiwe vipi. Dhuluma huijua kwanza anayeibeba, sheria ikiwepo au isiwepo.

Binti yako akiuliza tena kwa nini iandikwe, mwambie kwamba aliyedhulumiwa, hata akiujua ubaya kwa uchungu kiasi gani, hana pa kushtaki mpaka uwe umeandikwa. Suria wa Unguja mwaka 1900 aliujua. Akienda mahakamani kuomba uhuru wake, amri ilimhesabu kama mke wa bwana wake, na haikumfungulia mlango ila athibitishe ukatili.