Ngoma hazisikiki kwenye podikasti? Rekodi pande mbili

Ndugu, unauliza kwa nini mlipoirekodi bendi ikipiga muziki wa gemu hapo Bukavu, magita na waimbaji wanasikika lakini ngoma hakuna. Katika ukumbi mdogo mara nyingi ngoma haziwekewi maikrofoni, basi hazipiti kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti), na simu mliyochomeka huko haiwezi kuzipata.

Weka simu ya pili ukumbini, mita tano hivi mbele ya bendi, juu kuliko vichwa vya watu. Mtu apige kofi karibu na maikrofoni ya mwimbaji kabla ya kuanza, na tena mwishoni. Kofi la kwanza ni la kulinganisha faili za simu hizo mbili. La pili linaonyesha kama faili moja imeachana na nyingine, kwani saa za simu mbili haziendi sawasawa.

Waya wa mikisa usiuingize moja kwa moja kwenye tundu la maikrofoni la simu, sauti itapasuka. Pitisha kwenye kadi ya sauti ya USB (kifaa cha kuingizia sauti kwenye simu), vilele vya sauti vibaki karibu na -12 dB kwenye kipimo cha kurekodi. Kukiwa na mvumo wa jenereta, chomoa chaja, rekodi kwa betri.

Kuhusu kugawia bendi nyimbo za NES, mashine ya zamani ya gemu ya Nintendo ambayo muziki wake hutoka kwenye chaneli, yaani njia za sauti: melodi mpe gita la solo, chaneli ya pili ya mapigo (pulse) mpe mi-solo, gita la kati ya solo na ridhimu, chaneli ya kelele ni ya ngoma. Besi ishike chaneli ya pembetatu (triangle), na ipigwe kwa nguvu ileile mwanzo hadi mwisho, maana chaneli hiyo haina kidhibiti cha ukubwa wa sauti. Wapiga besi wetu hapo ndipo wanapoharibu, wanapenda kupamba.