Doa jeupe kwenye skana: kwa wadogo zangu mnaoanza staji Bukavu

Wadogo zangu, kuna doa dogo jeupe mtakalokutana nalo kwenye skana ya kichwa. Naomba msilipe jina kwa haraka.

Kijana mmoja motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, miaka 24, aliletwa na mama yake baada ya kuanguka kifafa mara ya tatu. Ukoo ulikuwa umeshaamua ni karuho, kwamba jirani kamtilia sumu. Kwenye faili yake kulikuwa kumeandikwa "tegu wa nguruwe, kovu la zamani", kwa sababu ya doa moja kama punje ya hindi. Tegu huleta kifafa kweli, na kovu lake hufanana sana na hilo. Ila hakuna aliyekuwa amemuuliza mama ameona nini. Nilipomuuliza hakujibu kwa maneno. Aliweka mkono wa kushoto juu ya kitenge chake, akaanza kurusha kidole gumba peke yake, kisha mkono mzima, kisha shingo ikageuka. Kifafa kinachoanza hivyo kinakupeleka upande wa kulia wa ubongo, pale panapoongoza mkono. Doa lilikuwa palepale.

Familia ilichanga, wakavuka Ruzizi hadi Kigali kupiga IRM, picha ya ubongo inayopigwa kwa sumaku. Doa likatokea kama bisi iliyozungukwa na pete nyeusi: kavenoma. Na zilikuwa tatu. Mbili skana haikuziona kabisa.

Kavenoma ni kifundo cha mishipa midogo iliyotanuka, yenye kuta dhaifu, na damu humo hutembea polepole mno. Ndiyo maana hata anjiografia, inayofuata dawa ikipita mishipani, haikioni. Pete nyeusi ni chuma cha damu iliyovuja kidogo kidogo zamani. Takriban mtu 1 kati ya 200 anacho, wengi bila kujua. Msikichanganye na ule ulemavu ambao ateri humwaga damu moja kwa moja kwenye veni bila kupitia kapilari: huko shinikizo ni kubwa, na mshipa ukipasuka damu huwa nyingi.

Kwa hiyo andikeni kwanza kifafa kilianza wapi, ndipo msome jibu la mashine. Mkiomba IRM, andikeni kwenye karatasi kwamba mnataka T2 étoile, picha inayonasa damu kuukuu. Mgonjwa akishauza mbuzi kwa safari hiyo, hatarudi mara ya pili kwa sababu sisi tulisahau mstari mmoja.

Na mkikuta kavenoma zaidi ya moja, ulizeni juu ya ndugu. Mara nyingi ni ya kurithi, na kila mtoto wa mwenye nayo ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi.

Nilimweleza yule mama kwamba hakuna jirani aliyemtilia mwanawe kitu. Alinyamaza kitambo, mkono wake bado juu ya kitenge, kisha akauliza: "Dokta, na mdogo wake anayelia kichwa kila wiki?" Nilikuwa bado sijamuuliza.