Kushusha transfa peke yako: kabla ya kugusa nati, fungua kizibo cha oili

Mkuu, umesema Jeep Cherokee yako ukiiweka fowili lo (magurudumu manne, gia ya nguvu na mwendo mdogo) na kuanza kupanda inapiga kishindo chini ya miguu, fundi amekwambia cheni ya transfa (boksi linalogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma) imelegea, na tayari una transfa nyingine iliyotumika unayotaka kuifunga mwenyewe, gari likiwa juu ya stendi. Inawezekana kabisa. NP231, ndiyo aina ya transfa iliyo kwenye Cherokee yangu, nimeishusha mara mbili. Mara ya pili isingekuwepo kama mara ya kwanza ningeangalia kitu kimoja kinachochukua dakika kumi, kwa hiyo naanza na hicho.

Fungua kizibo cha juu cha transfa, kile cha kujazia, gari likiwa limesimama sawasawa. Oili inatakiwa iwe usawa wa tundu. Yangu ilikuwa inavuja sili (pete ya mpira inayozuia oili) ya nyuma. Nikabadilisha sili, ikavuja. Nikabadilisha tena, nikapiga msasa sehemu inapokaa, ikavuja vilevile. Nikaamua transfa nzima imechoka, nikafunga nyingine. Wiki mbili baadaye nikakuta tone lilelile sakafuni. Safari hii nilifungua kizibo cha kujazia, oili ikanimwagikia mkono mzima, wakati kijiti cha gia boksi kilionyesha oili imepungua. Hapo ndipo nilipoelewa. Sili ya mwisho wa gia boksi na ile ya mbele ya transfa zote zilikuwa zimekauka, gia boksi ikawa inaihamishia transfa oili yake taratibu. Gia boksi yangu ni otomatiki, na zote mbili zinatumia ATF nyekundu (oili ya gia boksi otomatiki), kwa hiyo rangi haikusaidii chochote. Kinachosema ukweli ni kipimo tu. Transfa hii inabeba lita 1 hivi. Ikiongezewa nusu lita imeshajaa kupita kiasi, na oili itatafuta pa kutokea.

Kwa hiyo hata kama shida yako ni cheni, sili hizo mbili ziwe mkononi kabla hujashusha. Transfa ikiwa chini, kuzibadilisha ni kazi ya nusu saa. Ikisharudi juu, ni siku nzima.

Sasa kishindo chenyewe. Cheni iliyorefuka huruka meno ikibebeshwa mzigo. Ukiendesha kwa magurudumu ya nyuma peke yake, kimya. Ukiingiza fowili na kukanyaga mafuta, inagonga kama nyundo kwenye sakafu. Kama inapiga hata bila fowili, kila unapoondoka, shika propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli) kwa mikono miwili uizungushe kidogo huku na huku: krosi (kiungo cha propela) iliyokufa inatoa mlio unaofanana na huo, na wengi wameshusha transfa nzima kwa sababu yake. Kama haipigi bali inachomoka yenyewe kutoka lo, anzia kwenye wenzo na bushi zake. Na kama gari liliwahi kuendeshwa na fowili kwenye lami kavu kwa muda mrefu, cheni kurefuka si ajabu. NP231 haina difu ya katikati, kwa hiyo ekseli ya mbele na ya nyuma zikitofautiana mwendo kwenye kona, anayeumia ni cheni na krosi.

Ile uliyonunua, je, ni pacha wa hii yako? Kwa macho NP231 zote ni moja, lakini shafti ya kuingilia ya nyingine ina meno 21 na ya nyingine 23, na urefu wake pia unatofautiana. Meno 21 hayaingii kwenye 23 hata uombe vipi. Ichunguze ikiwa sakafuni. Ondoa kipande cha gia ya spidomita kwenye transfa yako ya zamani ukihamishie kwenye hiyo mpya, maana idadi ya meno yake inafuata difu na tairi za gari lako. Kipande hicho kina namba pembeni, makundi ya idadi ya meno, na kundi la gia yako linatakiwa likae upande wa chini kabisa unapokifunga. Ukikigeuza vibaya, gia haishikani sawasawa na spidomita itakudanganya.

Kabla hujaingia chini, zuia magurudumu mbele na nyuma kwa mawe au vipande vya mbao imara. Nasisitiza hili kwa moyo wote. Ile P (paki) ya otomatiki inafunga shafti ya gia boksi, haifungi magurudumu. Ukishachomoa propela ya nyuma, P haishikilii tena kitu, na transfa ikiwa kwenye N (nyutro) ni hivyohivyo. Kwenye Cherokee breki ya mkono iko kwenye magurudumu ya nyuma, angalau inabaki. Mwenye Land Rover Defender ya zamani anayesoma hapa ajue kwamba breki yake ya mkono iko nyuma ya transfa yenyewe: akichomoa propela zote, breki hiyo haishiki gurudumu lolote. Weka stendi mbili imara, sukuma gari kwa bega, ndipo ulale chini.

Kufungua ni kazi ya uvumilivu. Betri toa waya wa hasi. Oili mwaga, lakini fungua kwanza kizibo cha kujazia. Ukimwaga kwanza halafu cha kujazia kikagoma, umebaki na transfa tupu na gari lisilokwenda popote. Piga alama ya rangi kwenye kila propela na pale inapofungwa ili irudi ilivyokuwa, vinginevyo utapata mtetemo usioujua asili yake. Bolti za propela ya mbele zina vichwa vidogo sana na huliwa pembe haraka. Zinyunyizie dawa ya kutu jana yake, tumia soketi inayobana kamili, na vikombe vya krosi uvifunge kwa tepu ili visidondoke na kumwaga beringi zake zote mchangani. Propela ya nyuma upande wa transfa haina bolti, inachomoka tu, na oili iliyobaki inatoka nyuma yake. Andaa beseni.

Baada ya hapo ni wenzo wa fowili, waya za swichi, mipira ya vakyumu kama yako inayo, na mpira wa kipumulio juu. Huo wa kipumulio usiudharau: ukirudishwa umekunjika, joto linajenga shinikizo ndani na sili mpya zinaanza kuvuja.

Beba gia boksi kwa jeki na ubao mpana, ndipo ufungue boriti inayoishikilia. Ishushe kidogo tu upate nafasi ya nati za juu. Ukishusha sana, injini inainama nyuma, na feni inaweza kugusa kava lake huko mbele. Nati ziko sita. Za juu zinahitaji ekstensheni ndefu na mikono inayojua kupapasa, kwa sababu macho hayafiki.

Transfa hii ina zaidi ya kilo 30, na uzito wake umeegemea upande mmoja kwa ajili ya shafti ya mbele. Usiipokee kwa kifua. Mimi niliipokea hivyo mara ya kwanza, ikapinduka ikabana vidole vyangu viwili kwenye fremu, kucha moja ikatoka. Mara ya pili niliifunga mkanda juu ya jeki ya matairi, ikashuka bila shida. Ikigoma kuachia, igonge kwa nyundo ya mpira. Bisibisi usiiingize kati ya nyuso mbili za alumini, kovu lake litavuja maisha yote.

Kurudisha ndiko kunakoharibu watu, hasa sentimita ya mwisho. Stadi (bolti zisizo na kichwa) zimeingia, transfa imekaa karibu kabisa, lakini pamebaki uwazi unaopitisha kidole. Mtu amechoka, anaona nati zinafika, anasema nitaivuta kwa nati. Hapana. Uwazi huo maana yake meno ya shafti hayajakutana, na nati zikivutwa, masikio ya alumini yanapasuka. Weka gia boksi kwenye P ili shafti yake isizunguke, transfa iweke tuwili (magurudumu mawili), ingiza propela ya nyuma kwa muda kule nyuma, kisha izungushe polepole kwa mkono huku mwenzako akisukuma transfa ikiwa imenyooka. Kuna wakati utasikia imeteleza yenyewe mpaka ikabusu gasketi. Hapo ndipo nati zinafungwa, kwa vidole kwanza, halafu kwa kukatisha msalaba, kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Usisahau kupaka oili midomo ya sili mpya kabla ya kuingiza, ikiingia kavu inachanika.

Jaza mpaka oili ichuruzike tunduni. Jaribu fowili hai (magurudumu manne, gia ya mwendo wa kawaida) kwenye udongo, gari likienda moja kwa moja. Kwa lo, weka gia boksi N, gari likitambaa kilomita 3 hadi 5 kwa saa, ndipo uvute wenzo kwa uhakika bila kusitasita. Baada ya kilomita kama 200 fungua tena kile kizibo cha kujazia. Ikiwa usawa umepanda juu ya tundu, sili kati yake na gia boksi haijakaa sawa, shusha tena kabla gia boksi haijakauka.

Kwa leo hesabu meno ya shafti ya hiyo uliyonunua uniambie ni mangapi. Ya gari lako utayaona ukishaishusha, lakini mwaka wa gari na aina ya gia boksi vitatupa mwanga kabla hujafungua chochote.