Maswali yenu: hela za tabianchi zinafikaje shambani?

Wiki hii mmeuliza sana habari za kilimo himilivu na nani anakilipia. Nimejibu matano, mengine nimeyafupisha.

Shikamoo. Huku Dodoma kila mradi unakuja na jina lake, kilimo hifadhi, kilimo himilivu, kilimo cha tabianchi. Ni vitu tofauti?

Marahaba. Kwako wewe tofauti ni ndogo. Kilimo himilivu ni jina lililoletwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2010, na maana yake shamba litoe zaidi, livumilie ukame na mvua za ajabu ajabu, na ikiwezekana lipunguze hewa ukaa. We angalia mradi unafanya nini. Kisiki Hai kwa mfano, yaani kukuza tena miti kutoka kwenye visiki vilivyobaki, haina cha kununua, unachagua machipukizi machache yaliyonyooka kwenye kisiki, unapogoa mengine, unafunga kitambaa watu wajue huo mti una mwenyewe. Tatizo ng'ombe hawajui kitambaa, kwa hiyo lazima mkutano mkuu wa kijiji upitishe sheria ndogo ya malisho alafu halmashauri ya wilaya iidhinishe, na hapo ndo miradi mingi inakwama, semina imeshaisha na posho zimeshaliwa lakini sheria hakuna.

Afisa ugani anasema nikaushe jaruba. Mpunga si unakaa majini jamani?

Hapana, mpunga unavumilia maji, sio kwamba lazima uogelee. Hicho ni kilimo shadidi: miche michanga ya siku 8 mpaka 12, mmoja mmoja kila shimo, sentimita 25 kwa 25. Chukua kipande cha bomba la plastiki, kitoboe matundu ubavuni, kizike jarubani utoe udongo wa ndani, maji yakishuka sentimita 15 chini ya udongo ndo unafungulia tena, ila ukifika wakati wa maua usiache pakauke. Unaokoa maji na gesi ya methane, inayoongeza joto duniani, inapungua. Magugu yatakusumbua, nakwambia mapema. Ila hili hulifanyi peke yako, kama jirani wa juu anafungulia maji muda wote zamu yako ya kukausha haina maana, kwa hiyo lipeleke kwenye umoja wa wamwagiliaji wa skimu yenu.

Niko Makueni, tunasikia wadi yetu ina pesa za climate. Naombaje?

Wewe kama wewe huombi, inaomba jamii. Makueni mko mbele kwa hili, kanuni za mfuko wa tabianchi wa kaunti zilitoka 2015 na zilitenga asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo. Wazo lilianzia Isiolo, na kule liliegemea dedha, mabaraza ya wazee wa Borana ya kusimamia malisho na maji, ndio maana halikuonekana kitu cha wageni. Baadaye serikali kuu ikaja na FLLoCA, mpango wa kufikisha pesa za tabianchi kwenye kaunti na wadi, inasimamiwa na Hazina, Benki ya Dunia wakiwa kati ya wanaotoa pesa, na kaunti haipati pesa za miradi mpaka iwe na sheria, mfuko na kamati za wadi. Kwa hiyo tafuteni kamati ya wadi, ulizeni lini wanakaa kuchambua hatari za ukame na mafuriko, na mkienda msiseme tu "tunataka maji". Semeni bwawa la mchanga (ukuta mtoni unaoshika mchanga wenye maji), mto fulani, ardhi ya nani, na nani atalitunza. Mkisubiri MCA, mjumbe wenu wa bunge la kaunti, awaletee habari mtakuta orodha imefungwa, na nawaomba akina mama mwende wengi maana ndo mnaojua maji yako umbali gani.

Kaka, mbuzi wangu wamekufa na bima nimekata lakini sijalipwa. Nimeibiwa? (Wajir)

Pole sana. Inawezekana hujaibiwa. Bima hizi za mifugo, zilizoanzia Marsabit 2010 na serikali ya Kenya ikaingia 2015, hazihesabu mizoga, satelaiti inapima ukijani wa malisho ya eneo zima, ukishuka chini ya kiwango ndo wanalipa. Wakifa kwa ugonjwa au eneo lako tu ndo limekauka, hupati kitu. Mi naona wauzaji wanapaswa kulisema hilo kabla ya kupokea hela, sio baada. Dai uoneshwe kipimo cha eneo lenu cha msimu huo.

Mbolea ya ruzuku nayo ni kilimo himilivu?

Yenyewe tu, hapana. Ile iliyozinduliwa Mbeya Nane Nane ya 2022 ilikuja kwa sababu bei zilipanda duniani, na kwa hilo ilisaidia. Lakini udongo wenye tindikali unataka chokaa kwanza, bila hivyo sehemu ya mbolea unaimwaga bure, kwa hiyo pima udongo kabla hujanunua. Kujiandikisha ni kwa mtendaji wa kijiji, na usisubiri mvua zianze.