Kitasa kilikuwa na kadoa chekundu, sasa silali

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni kijana wa kiume, naomba usinicheke. Zaidi ya miezi mitatu iliyopita nilishika kitasa cha mlango wa choo kazini, nikaja kuona kina kadoa chekundu kama damu, na mimi pembeni ya ukucha nilikuwa nimechubuka kidogo maana nina tabia ya kung'atang'ata kucha. Tangu hapo sina raha. Nimepima VVU mara kadhaa, ya mwisho wiki iliyopita, zote hamna kitu, nikitoka pale natulia kidogo afu mawazo yanarudi, je kama kipimo kilikuwa kibovu, je kama nesi alichanganya majina. Sa hivi kusalimiana kwa mkono nakwepa, kikombe cha mtu sinywei, mbu akiniuma ndo balaa kabisa, nanawa mpaka ngozi inapasuka. Usiku kazi yangu kusoma dalili intaneti. Nipime tena?

JIBU: Marahaba. Sikucheki, na jibu ni hapana, usipime tena.

Nakueleza sababu mara moja tu, utaona baadae kwa nini nasema mara moja. VVU vinapita kwenye damu, shahawa, majimaji ya ukeni na ya njia ya haja kubwa, na maziwa ya mama. Mate, jasho na machozi havimo kwenye hiyo orodha, kwa hiyo mkono na kikombe tunavitoa. Mbu naye anapouma anakuingizia mate yake, hakurudishii damu aliyoinyonya kwa mwenzako, na kirusi hakizaliani ndani ya mbu, kinameng'enywa huko huko tumboni. Damu ikishakauka kitasani kirusi kinapoteza nguvu haraka, na hakuna mtu anayejulikana kuambukizwa kwa kushika mlango. Tena chukua mfano mbaya kuliko wako: muuguzi kajichoma na sindano iliyotoka kwenye mshipa wa mgonjwa mwenye virusi, damu mbichi kabisa, imeingia ndani ya nyama, na hata yeye asipotumia dawa za kinga uwezekano ni kama watu 3 kwa kila 1,000. Sasa wewe na kadoa ambacho hata hujui kama ilikuwa damu au rangi ya mdomo.

Na vipimo: hata kile cha haraka cha kutoboa kidole kikifanyika siku 90 baada ya tukio kinatosha, cha maabara kinachotafuta na antijeni, yaani vipande vya kirusi chenyewe, ni siku 45. Wewe ushapita huko. Imeisha.

Ila najua haijaisha, na hapa ndo pana shida yenyewe. Umeandika mwenyewe kwamba ukipima unatulia kidogo afu yanarudi. Ile nafuu unayoipata ndo inayoilisha hofu, maana ubongo unajifunza kwamba kweli kulikuwa na hatari na kipimo ndo kimekuokoa, kwa hiyo kesho unadai kingine. Kunawa hivyo hivyo, kuuliza watu hivyo hivyo, na usiku wa intaneti ndo mbaya zaidi kwa sababu wasiwasi wenyewe una dalili zake, jasho, moyo kwenda mbio, tumbo kuvurugika, koo kukauka, yote utayakuta kwenye orodha za ugonjwa wowote ule. Nimewaona watu wanabonyeza tezi za shingo kutwa nzima, jioni zinauma, wanasema umeona dokta zimevimba! Zinauma kwa sababu umezibonyeza.

Hali hii inatibika vizuri tu. Tafuta mwanasaikolojia au daktari wa afya ya akili, mwambie kama ulivyoniambia mimi, na uliza kama anafanya tiba ya kukabili hofu hatua kwa hatua. Yaani mnaanza na kitu chepesi, labda unashika kitasa cha chumbani kwako afu hunawi, unakaa na wasiwasi wako hapo hapo mpaka ushuke wenyewe, na huwa unashuka, mkizoea hicho mnapanda kwenye kigumu zaidi. Haifurahishi siku za mwanzo, sikudanganyi. Kuna na dawa, za kundi lile lile linalotumika kwa sonona, zinawasaidia wengi.

Mikono nawa ukitoka chooni na kabla ya kula, sabuni na maji, sekunde 20, basi. Ngozi iliyopasuka kwa kunawa inakinga vibaya kuliko mkono wenye vumbi.

Na ukiniandikia tena "je kama damu ilikuwa mbichi?" sitajibu. Sio dharau, nikijibu nakuwa kipimo chako kingine.

SWALI: Dokta, mume wangu alienda kuchangia damu wakamwambia ana homa ya ini B. Mama mkwe kashamtengea sahani na kikombe. Ni sawa?

JIBU: Sio sawa, ingawa mama nia yake njema. Homa ya ini B haiambukizwi kwa sahani wala kula pamoja wala kukumbatiana. Inapita kwenye damu na kwenye ngono, na kirusi chake ni kigumu, nje ya mwili kinaweza kukaa siku 7 na zaidi, kwa hiyo kama lazima atengewe kitu basi ni wembe, mswaki na kikatia kucha. Wewe na watoto mkapime, asiye nayo wala kinga hana apate chanjo, kwa mtu mzima kawaida ni dozi 3 ndani ya miezi 6, na mpaka uwe na kinga tumieni kondomu. Ukiwa mjamzito waambie kliniki mapema ili mtoto achanjwe ndani ya saa 24 za kuzaliwa. Mume wako mwenyewe aende akapimwe ini, si kila mwenye kirusi anahitaji dawa ila kila mmoja anahitaji kufuatiliwa, na pombe aache.