Barua kwa mwanangu: zimwi ni nani katika hadithi ile?

Mwanangu mpenzi,

Pole na baridi ya huko. Swali lako nimelisoma mara tatu. Umeniuliza: ikiwa Karl Heinrich Ulrichs ndiye Mjerumani aliyesimama hadharani kuwatetea wanaume wanaopenda wanaume, ilikuwaje akaandika hadithi ya mfu anayenyonya damu? Si kama kukiri kwamba watu wa namna yake ni mazimwi?

Sisi tuliokua tukitishwa kwa mumiani, swali hilo linatugusa. Lakini mumiani ni mtu hai, anawatoa watu damu akauze. Vampaya wa Ulaya ni mfu aliyefufuka, na mara nyingi huwarudia watu wake mwenyewe. Mazimwi wawili hao si sawa, ingawa wote hufuata damu.

Ulrichs alizaliwa Aurich mwaka 1825, akasomea sheria. Mwaka 1862 aliwaandikia ndugu zake barua kuwaeleza alivyo. Hebu fikiria, 1862! Hata jina la kujiita hakuwa nalo. Ikambidi alitafute kwa Plato, akajiita Urning. Kwao Hannover, ufalme wa Kijerumani wakati huo, watu wazima walioridhiana hawakushtakiwa kwa mapenzi ya namna hiyo. Prussia, dola jirani ya Kijerumani, ilipoinyakua Hannover mwaka 1866, akaona sheria kali ya Prussia inawafuata nyumbani.

Basi tarehe 29 Agosti 1867 akaenda München, kwenye mkutano wa wanasheria zaidi ya 500, kuomba sheria hizo zifutwe. Aliandika baadaye kwamba alipanda jukwaani moyo ukimdunda. Walimzomea mpaka akashuka, hotuba haijaisha. Lakini hakuijutia siku ile. Alisema atajivunia hadi kufa kwamba alipata ujasiri wa kukabiliana na joka la vichwa vingi lililokuwa likiwatemea sumu yeye na wenzake tangu zamani. Umeona? Zimwi alikuwa ameshalitaja, nalo halikuwa yeye.

Alishindwa, tusifichane. Sheria ile ikaenea Ujerumani nzima, Kifungu cha 175, na haikufutwa kabisa hadi 1994. Yeye akahamia Italia, akafia L'Aquila mwaka 1895. Miaka miwili baadaye daktari Magnus Hirschfeld na wenzake waliunda kamati Berlin kuiendeleza kazi hiyohiyo, na vitabu vya Ulrichs vikachapishwa upya.

Sasa hadithi yenyewe. Inaitwa Manor, aliitoa miaka ya 1880 katika kitabu cha hadithi za mabaharia. Usiichanganye na Carmilla, hadithi nyingine ya vampaya, ya Sheridan Le Fanu, ya 1872. Mle Carmilla, vampaya wa kike anayemwandama msichana Laura, anapigwa kigingi na kukatwa kichwa, na msomaji anategemewa kushusha pumzi. Ingawa hata Laura, miaka imepita, bado hudhani anasikia nyayo zake mlangoni. Mstari huo siusahau.

Manor inatokea visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Atlantiki, na bahari imo tangu mwanzo. Baharia Manor aliwahi kumwokoa Har asizame. Kisha bahari ikamchukua Manor mwenyewe, akazikwa. Usiku akaanza kumrudia rafiki yake, na Har akawa anafifia kila kunapokucha. Wanakijiji wakalifukua kaburi wakampigilia maiti kigingi, ili abaki humo. Siwalaumu kwa kuogopa. Lakini Ulrichs hakutuweka upande wao: ametuketisha kitandani kwa Har, ambaye anakufa kwa majonzi baada ya mgeni wake kuacha kuja.

Na hapo, mwanangu, ndipo nilipofunga kitabu nikatoka uani. Har anamwita mama yake. Anamwomba mawili tu: amzike kaburi moja na Manor, na amchomoe Manor kile kigingi kifuani.

Nimekaa na ombi hilo siku nne kabla ya kukujibu. Sijakuuliza kwa nini uliichagua hadithi hii kati ya zote, wala sitakuuliza. Ila ningekuwa mimi mama yule, nisingengoja kuambiwa mara mbili. Ningekwenda makaburini usiku uleule.

Mama yako